Benchi la Baba Benite

Mwaka umetimia, Baba Benite, tangu figo zako ziliposhindwa ukatuacha. Benchi lako bado liko pale mlangoni.

Risasi ilikupata mgongoni mwaka 1996, ukitoka kazini gereji, mtaani Buyenzi. Nani aliipiga hatukujua, na wewe ulikataza tusikae tukikisia. Daktari alisema hutatembea tena. Sisi, kwa mapenzi, tukakulaza chumba cha nyuma na kufunga pazia. Tulidhani huko ndiko kukutunza.

Wageni walikuja na fanta zao, wakasimama kando ya kitanda chako, wakaniuliza mimi mkeo kama unakula: "Bwana yako anakulaka?"

Ukajibu mwenyewe: "Muniulize mi, niko hapa. Ni mugongo njo ilikatika, apana masikio."

Siku hiyohiyo ukadai utolewe nje. Ukaweka benchi kando ya kiti chako cha magurudumu na kupitisha sheria: hakuna salamu ya kusimama. "Ikala kwanza, njo unisalimie." Padri alikaa. Mwenye nyumba, na kitambi chake chote, alikaa. Kaka yako Herménégilde alinuna kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, lakini mwishowe naye akakaa, mkaanza tena kucheka pamoja.

Kine, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali, alikufundisha kujiinua kwa mikono ili ngozi ipumzike, ukawa unajiinua hata katikati ya misa. Kila asubuhi ulijikagua mgongo na makalio kwa kioo cha pembeni cha pikapu, usije ukapata vidonda, huku ukinung'unika vilevile ulivyonung'unikia magari ya wateja. Mafundi wenzako walikuletea karbureta nyumbani. Moja iliyotoka kwenye injini ikiwa bado ya moto ilikuunguza paja bila wewe kuhisi, na tangu hapo ukafanyia kazi kwenye ubao badala ya mapajani. Watoto walisoma kwa kazi hiyo. Ulikuwa mkali, mtani, na ulipenda ndizi na maharage kupita kiasi.

Siku ya kukuzika tulitaka kuliondoa benchi ili watu wapate kupita. Mafundi wa Buyenzi wakakataa. Walikuja mmoja mmoja, wakakaa kwenye benchi kando ya jeneza, ndipo wakakusalimia. Hapo ndipo nilipolia, na hata leo nikikumbuka nalia.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Sikuzani, wanao Benite na Moïse, na kaka yako Herménégilde. Daima utakuwa nasi, Baba Benite. Salamu hii tumekuandikia tukiwa tumekaa.

Bujumbura, 2003