Kibaka wa Kumwibia Casimiro Hajazaliwa

La Paz, 19 Aprili 1998

Dada Saturnina,

Hujambo wewe na hayo magoti yako? Na mbuzi wa Tupiza, hawajambo? Sisi huku wazima. Mimi hasa nazidi kunenepa, na biashara haina neno: ile mikoba ya kufunga tumboni ninayowauzia watalii wasiibiwe, nikiitandika tu, imekwisha.

Mwanangu Yovana amefika salama na pini ya dhahabu ya marehemu mama, ile ya tausi ya kufungia shali. Ataivaa akicheza ngoma za barabarani kwenye sikukuu ya Gran Poder, mwanzoni mwa Juni. Asante, ingawa umempa na masharti utadhani umemwazima msalaba wa askofu. Kisha nasikia na wewe wataka kuja kutazama. Dada, baki na mbuzi. Mji huu utakumeza mchana kweupe. Kuna anayekumwagia haradali begani, halafu mwenzake anakupangusa kwa huruma, na huruma hiyo inaondoka na pochi. Kuna anayeangusha sarafu mbele yako: ukiinama, umekwisha. Kuna askari anayeomba kukagua pesa zako, na uaskari wake wote ni kofia. Wewe na huo uso wa kushangaa taa za barabarani, watakuvua soksi bila kugusa viatu.

Wanawake wengine hukodi walinzi wa kutembea nao bega kwa bega wakicheza, kwa ajili ya dhahabu. Yovana atalindwa na baba yake. Kibaka wa kumwibia Casimiro hajazaliwa, na mama yake bado hajachumbiwa.

Mdogo wako mwenye macho kisogoni,
Casimiro

*

Tupiza, 3 Mei 1998

Casimiro,

Magoti yangu hayakuhusu. Mbuzi hawajambo, wanakutukana.

Sikiliza vizuri. Pini nimemwazima Yovana. Wewe nisingekuazima hata kijiko. Mama aliniachia mimi niliyemwogesha miaka miwili. Wewe hata kumzika hukuja. Ulituma shada la maua lenye jina la marehemu mwingine, "Kwaheri Don Anastasio", nikaligeuzia ukutani watu wasicheke. Miaka tisa sijakuona, na sijakonda.

Kuja siji, furahi. Lakini pini irudi hapa kabla ya Juni kwisha. Isiporudi, usiniandikie tena, na kwenye kaburi la mama usikanyage. Utakuwa huna dada.

Dadako mpaka hapo,
Saturnina

*

La Paz, 14 Juni 1998

Dada mpenzi, dada wa pekee,

Hujambo? Magoti je? Mbuzi je? Na majirani zako, mbona siku zote nasahau kuwauliza, hawajambo?

Ah, ungekuwepo! Yovana alicheza mpaka barabara ikaomba maji. Mimi ubavuni, viwiko nje kama jogoo. Tulipofika juu, ngoma ikapumzika, watu wakaja kutupongeza. Unajua mambo yetu: unamwagiwa vipande vya karatasi za rangi kichwani, unakumbatiwa, unatiwa glasi ya bia mkononi, na baba wa mchezaji hakatai, kukataa ni mkosi. Nikasema moyoni, hapa ndipo vibaka wanapovunia. Nikaitoa pini kwenye shali ya Yovana, nikaitia mfuko wa ndani wa koti langu, juu ya moyo. Nani angefikiria? Akili hiyo haifundishwi shuleni, ndiyo maana mimi niliacha mapema.

Kwa hiyo usiwe na shaka. Pini iko mahali salama, salama kiasi kwamba hata mimi mwenyewe siioni. Ila itachelewa kidogo. Yovana ana mafua. Tuseme Agosti. Au Krismasi, nayo ni sikukuu nzuri.

Mdogo wako akupendaye kuliko wote,
Casimiro

*

Tupiza, 25 Juni 1998

Casimiro,

Waongo wengine huchoka, wewe huchoki. Pini iko hapa mezani, karibu na chumvi. Niliichomoa mimi, kwa vidole hivi vya kumenya maharage.

Nilikuja. Niliwaacha mbuzi kwa jirani nikapanda basi. Nilisimama pembeni mwa barabara toka asubuhi, na nilipomwona Yovana na tausi wa mama kifuani, nikalia, nikasema basi, ya shada yaishe leo. Nikapenya hadi kwako. Nikakumwagia karatasi zangu kichwani, nikakukumbatia. Nawe ukanikumbatia kwa nguvu, unanuka bia. Nikangoja uniite jina langu.

Ukasema, "Asante, bibi yangu, Mungu akuzidishie siku! Haya, sogea, wengine wapite!" Ukamgeukia mwingine.

Pini ilikuwa inanichoma kupitia koti lako. Nikaichukua, nikaenda zangu stendi. Haradali sikuihitaji.

Unamjua kila mwizi wa La Paz kwa sura. Mimi nilikubeba mgongoni mpaka ukamaliza kuota meno. Labda unanijua kisogo tu.

Usiniandikie.

Saturnina

*

La Paz, 4 Julai 1998

Dada,

Hali sikuulizi, naijua.

Nimeandika barua tatu za kusema kwamba nilikutambua, nikakuachia pini makusudi nikupime. Ya tatu ilitoka nzuri sana, hata mimi niliiamini. Nimezichana zote.

Wiki tatu hizi nimezunguka soko la vitu vya wizi nikiwakaba mashati vibaka wasio na hatia. Mmoja amenitemea mate, na alikuwa na haki. Siku ile ya ngoma nilikumbatiwa na watu mia. Mmoja alinikumbatia mpaka machozi yakanilenga, nikadhani ni bia.

Pini baki nayo. Jumamosi ijayo nashuka Tupiza na basi la asubuhi. Sikuombi unipokee. Lakini ukiwa unapita stendi kwa shughuli zako, vua kofia, simama jua linapokupiga usoni, unyamaze. Usinipungie mkono. Usinisaidie. Nitakutafuta mwenyewe.

Mdogo wako,
Casimiro