Gumba la Karani

Jumatatu, 11 Juni 1984
Bwana Clemensi, meneja wetu, ameniita ofisini kwake. Nilidhani nimekosea barua ya Arusha. Sivyo. Mezani palikuwa na redio kaseti, na ndani yake kaseti aliyoisahau mgeni mmoja Mjerumani. Akaiwasha. Besi! Lakini si besi ninayoijua mimi — inapigwa makofi. Gumba linauchapa uzi, kidole cha shahada kinauvuta na kuuachia, unalia kama mjeledi. Akasema hii ndiyo anayoitaka siku ya Saba Saba, mkurugenzi atakapokuja na wageni wake. Nikasema nitajaribu. Akasema si suala la kujaribu. Hoteli inapunguza watu. Karani wa kwanza anatosha. Mimi, wa pili, niliajiriwa kwa sababu bendi ya hoteli haikuwa na mpiga besi, na mimi nalijua hilo. Besi ikinishinda, na meza sina. Alisema kwa upole. Akaniuliza kama mama hajambo.
Siku ishirini na sita. Nimezihesabu mara tatu.

Alhamisi, 14 Juni
Nafanya mazoezi katika stoo ya mashuka, saa ya chakula cha mchana. Jenereta haiwashwi mpaka jioni, kwa hiyo gitaa halina spika. Afadhali, hakuna anayenisikia. Ukungu wa kreta ya Ngorongoro umeingia hata humu ndani. Vidole kama vya mtu mwingine. Gumba linagonga uzi na kubaki palepale, kama limekaribishwa kiti. Sauti: du. Du. Miaka miwili ya chuo cha uhazili gumba hili halikufundishwa kazi ila kuruka nafasi kwenye taipu. Sasa naliambia lichape!

Jumamosi, 16 Juni
Mazoezi ya bendi. Mara ya kwanza na spika. Makosa niliyoyaona madogo kule stoo yalijaa ukumbi mzima. Wilibrodi, mtunza vyakula, ndiye kiongozi wetu — akasimamisha wimbo. "Karani! Unapiga gitaa au unagonga muhuri?" Wakacheka. Mpiga dramu alicheka mpaka akaangusha fimbo.
Koinet hakucheka. Koinet ni fundi wa gereji, Mmaasai wa Endulen, kijana yeyote kwake ni ‘ero’; anapiga gitaa la rithim. Alinifuata nje, akanishika kifundo cha mkono, akakitikisa kama mtu anayetafuta nati iliyolegea. "Ero, unabisha hodi kama mtu anayeogopa kufunguliwa. Gonga, uondoke. Gumba liruke lenyewe." Akachukua gitaa anionyeshe. Mara moja tu. Uzi ukalia vilevile kama kwenye kaseti! Naye kaseti yenyewe ameisikia mlangoni tu, akipita. Akaona aibu, akanirudishia gitaa haraka. Hiyo aibu yake ndiyo iliyoniumiza.

Jumatano, 20 Juni
Koinet anasema nyuzi zimekufa, zimeshiba jasho la miaka minne. Mpya hazipatikani, Arusha nzima hakuna. Zichemshwe kwa maji, zikaushwe vizuri, sauti itarudi kidogo. Nimemwomba Germana wa jikoni sufuria. Alikuwa akitia magadi kwenye maharage ya wafanyakazi. Nikawaza: kama magadi yanalainisha maharage, na uchafu yatauondoa. Nikatia kijiko kimoja. Kisha kimoja tena, kwa uhakika.
"Unapika nini mwanangu?"
Nyuzi, nikasema.
"Haya. Nani atazila?"
Maji yakawa meusi — nilifurahi! Nimezianika kwenye kamba ya mashuka, nyuma ya jiko.

Alhamisi, 21 Juni
Ukungu haujainuka tangu jana. Nyuzi zote nne zina kutu, nyekundu, zinakwaruza kama msasa. Ule mwembamba ulikatika nilipokuwa naukaza. Hizo tatu nimezipaka mafuta ya kupikia. Sasa hazilii kabisa.
Sikumwambia mtu. Koinet aliona mwenyewe. "Nilisema maji, ero. Nani alikuambia magadi?" Hakuna aliyeniambia. Nilitaka kuwa mwangalifu zaidi yake. Mchana akaja na waya wa breki ya baiskeli, akaufunga mwenyewe badala ya ule uliokatika, na hizo tatu akazisugua kwa petroli mpaka zikaanza kusema.

Jumapili, 24 Juni
Nimeshuka nyumbani Karatu kwa gari la hoteli. Baada ya ibada mama alinishika mkono mbele ya watu: huyu ndiye karani wangu wa Ngorongoro. Mkono mwingine nikauficha mfukoni. Waya wa breki umelichubua gumba, limevimba. Aliuona wakati wa kula. Nikasema mlango wa gari.
Ngano ya kaka Yohani imefika hadi ukutani mwa nyumba, upande wa shamba uliokuwa wangu kabla sijaajiriwa. Nikaliangalia shamba kwa muda. Yohani akacheka, "Unatazama nini? Si wewe una ofisi?"
Kweli. Nina ofisi.

Jumatatu, 2 Julai
Kofi linatoka! Mara moja katika kumi. Nikiutazama mkono, halitoki. Nisipoutazama, naogopa, nalo halitoki. Lile moja linatoka lini, sijui. Bwana Clemensi alipita koridoni akauliza, tayari? Nikasema ndiyo, mzee.
Kwa nini nilisema ndiyo?

Ijumaa, 6 Julai
Mazoezi ya mwisho. Gumba limepasuka. Wilibrodi hakunitania hata kidogo. Afadhali angenitania.

Jumamosi, 7 Julai
Saa kumi na moja kasoro, alasiri. Niko ofisini peke yangu, kitambaa cha meza gumbani. Jenereta imewashwa mapema kwa ajili ya wageni; bendi iko ukumbini, ukuta mmoja tu kati yetu.
Wimbo wa kwanza nilipiga makofi kumi na mbili, yakatoka mawili. Wa pili damu iliteleza kwenye nyuzi, nikapotea kabisa. Wilibrodi alikuja akiwa anatabasamu kwa ajili ya wageni, akanivua mkanda wa gitaa shingoni, akampa Koinet. "Kapumzike, bwana mdogo." Nilitoka kwa mlango wa jikoni.
Sasa nasikiliza. Koinet hapigi makofi! Hata moja. Anapiga besi ya kawaida, ya vidole viwili, taratibu — ileile niliyoipiga mimi miaka yote, kabla ya kaseti. Nasikia miguu. Wanacheza. Mtu anapiga mbinja. Hakuna aliyeuliza makofi yako wapi.

Naisula, mhudumu, ameingia na sinia. Mkurugenzi ameupenda muziki, anataka jina la mpiga besi, kwenye karatasi, anaondoka sasa hivi. Bwana Clemensi kasema liandikwe na karani, aandike vizuri.
Mpiga besi yupi, nikauliza. Wa mwanzo au huyu?
"Mimi nijue wapi? Besi ni besi. Wewe andika."
Gereji haiwezi kukaa bila fundi. Koinet atakuwapo hapa hata asipotajwa. Jina hili yeye halimsaidii kitu; mimi litaniachia meza. Na mkono aliouona mkurugenzi, aliuona kwa mbali, kwenye moshi wa sigara. Na angelijua, Koinet angesema nini? Angesema, andika, ero.
Angesema?
Nimemwambia Naisula asubiri, natafuta karatasi safi. Karatasi iko hapa, mbele yangu. Ninaandika kwenye daftari hili kwanza. Anaiona kalamu inakwenda, anadhani ndilo jina lenyewe.
"Refu hivyo?" anauliza.