Kufuli la Jumanne ya Mvua

Shamba la Hollinside,
Kettlesham.
Ijumaa

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia kukuomba jambo moja: usiyaondoe katika ofisi ya halmashauri madai yako kwamba njia ya mtoni ni ya watu wote. Sababu nitaieleza kwa utaratibu, nami nakusihi uisome hadi mwisho kabla hujaitupa barua hii motoni, kama ninavyokujua.

Natumaini inakukuta mzima, na kwamba goti lako limestahimili baridi ya mwaka huu. Bibi Winifred wa hapo nyumbani aliniambia kwa simu kuwa sasa unapanda ngazi bila fimbo, kwa kunung'unika tu, nikaipokea hiyo kama habari njema. Mimi ni mzima pia. Chumba changu kilicho juu ya zizi la mbuzi ni kikavu, ingawa harufu yake haifai kusimuliwa mezani.

Hatujasemezana tangu nilipoajiriwa hapa. Ulitamka mbele ya watu sokoni kwamba shahada yangu imenifikisha kwenye kuwauzia watu hewa ya Mungu kwa tiketi. Leo sitaki kukujibu kwa ubishi. Nataka tu uifahamu kazi yenyewe. Kila Jumamosi mimi huzipokea familia zinazolipa kuja kuwaona wanyama, huwagawia watoto chupa za kunyweshea wanakondoo, na majira ya mahindi huingia ndani ya mzingile, yaani njia za kupotezea watu zilizokatwa katikati ya mahindi, kuwatafuta kina baba waliopotea wakijidai wanaijua njia. Wiki iliyopita bwana mmoja alidai arudishiwe kiingilio kwa sababu alimkuta nguruwe amelala. Nilimweleza kwa adabu kwamba kulala ndiyo kazi ya nguruwe. Mkewe akamwambia, basi na yeye aombe ajira. Naiweza kazi hii, Baba, wala sioni haya kusema hivyo.

Bw. Garside alilinunua shamba hili wakati wa vuli. Jambo la kwanza lililomkera ni ile njia inayolikatiza, ambamo watu wa mji hupita bure na vikapu vyao kwenda kula kando ya maji. Sheria unaijua kuliko mimi: watu wakiipita njia miaka ishirini bila kuzuiwa, inakuwa yao. Ndiyo maana wenye mashamba huteua siku moja katika mwaka ili kuikata hesabu hiyo, wakalifunga lango, wakatundika kibao, na kesho yake wakalifungua tena. Marehemu mzee Lund, mwenye shamba wa zamani, hakujisumbua hata mara moja tangu daraja la mtoni lijengwe, na miaka hiyo ishirini inatimia Pasaka hii.

Bw. Garside akaniita mwezi wa Februari. Alichagua Jumanne iliyotabiriwa mvua, akasema hatakuja mtu wala mbwa, na kufuli litafanya kazi yake bila kelele za akina Ogden, yaani wewe na wenzako. Akaongeza kwamba nikilisimamia vyema, mwezi Mei nitakuwa meneja wa vivutio vyote. Nilikubali. Nilikitaka cheo hicho, na bado nakitaka.

Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mvua huwaweka watu wetu nyumbani, tena katika wiki ya mapumziko ya shule. Sikuwa nimesimama langoni muda mrefu alipotokea Bi Doreen Appleyard, yule muuza jibini, na wajukuu watatu waliovaa mabuti ya mpira. Nilimwambia njia imefungwa kwa siku hiyo. Akauliza imefungwa na nani, maana yeye anaona mtoto wa watu tu aliyelowa. Nikataja mvua. Akatazama juu, akasema, “Hii? Haya ni manyunyu, mwanangu. Mvua ilinyesha siku ya harusi yangu.” Kisha akanitambua chini ya kofia. “Ewe! Si binti wa Clifford wewe? Kumbe chuo kikuu chote kile ulikwenda kusomea kufuli!”

Nilimsomea tangazo nililoliandika mwenyewe, aya mbili zisizo na dosari. Alisikiliza kwa heshima, akasema ni zuri mno, ila mabata wa mtoni wanaowangoja wajukuu hawajui kusoma. Hakugombana nami. Alitandika plastiki kwenye tope mbele ya lango, akamimina chai ya thamosi, akagawa sandwichi za mayai, na moja akanipitishia mimi juu ya lango. Alisema hata anayewafukuza watu asiwafukuze akiwa na njaa.

Jioni ya siku hiyo ulikiona kibao. Nimeambiwa uliwatangazia wenzako baani kwamba mchezo umekwisha, na aliyeumaliza ni damu yako mwenyewe. Nimesikia pia kwamba Jumatano ijayo unakwenda kutia saini ya kuyaondoa madai.

Baba, hakuna aliyezuiwa siku ile. Kufuli nililifungua kwa mkono wangu, nikafuatana na Bi Doreen na wajukuu hadi darajani. Waliokuja baada yao walipita pia, mpaka jioni. Kibao nilikiacha kwa kuwa sikuthubutu kukishusha, naye Bi Doreen amenyamaza ili nisipoteze kazi. Usidhani nilifanya hivyo kwa ajili yako. Nilikuwa na sandwichi yake katika mkono mmoja na ufunguo katika mwingine, nikaona siwezi kula ile na kumnyima huu.

Sasa Bw. Garside ananitaka nimwambie wakili wake kwamba lango lilifungwa kutwa nzima. Jumanne jioni nitamwambia ukweli. Sitarajii kuendelea kuwa hapa baada ya hapo. Cheo nitakitafuta kwingine. Bi Doreen amekubali kutoa ushahidi, nami nitatoa wangu. Lakini madai yana jina lako, na ukiyaondoa, sisi wawili hatutakuwa na pa kusemea.

Nisalimie Bibi Winifred na majirani wa pande zote mbili, hata yule wa tarumbeta. Sikuombi unisamehe maneno yoyote, nami yako siyadai. Nakuomba uje bila kalamu. Nitakungoja mlangoni mwa ofisi ya halmashauri, Jumatano, saa tatu asubuhi.

Binti yako,
Tamsin Ogden