Mwanaisha Asiyelia

Jumatano

Eti moyo mkavu. Leo chuoni wanafunzi wangu wamemchambua Mwanaisha, mhusika wa hadithi niliyowatungia, kwa nadharia ya sifa za nafsi. Anamzika mamake bila kutoa chozi. "Huyu ana moyo mkavu, mwalimu," walisema karibu wote. Nikayaandika maneno hayo ubaoni bila kuhisi kitu.

Kadzo, asiyependa kusema darasani, akauliza, "Kabla ya msiba alikuwaje? Sifa ni ile anayoishi nayo mtu siku zote. Huenda huyu amekufa ganzi tu."

Tangu tumzike mama yangu mwenyewe kule Sabaki, nami nisilie, nimekuwa nikiogopa kwamba ndivyo nilivyoumbwa.

"Alikuwa akicheka sana," nilimjibu, kisha ulimi ukateleza: "Mama alikuwa akinikanya."

Kadzo akanisogezea kiti. "Pole, mwalimu."

Nikakaa. Machozi hayakuja.