Nani Anasaga Katika Chumba cha Kupigia Chapa?

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi ni mzee wa miaka sitini na kitu, nimesoma vitabu vingi kuliko mashamba niliyolima, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitaliandikia gazeti juu ya jambo ambalo watoto husimuliana ili kutishana.

Nilizaliwa wilaya hii ya Kibondo, lakini mahali nilipozaliwa hapana watu tena tangu serikali ya Mwingereza ilipotuhamisha kwa ajili ya malale nikiwa mtoto, na ninachokumbuka siku ile ni mama akigeuka kurudi kuchukua jiwe lake la kusagia, na askari akimzuia kwa fimbo, basi tukaendelea na safari, naye akasaga kwa jiwe la kuazima hadi alipofariki. Ujanani nilikwenda Tanga na manamba wenzangu kukata mkonge, ikaonekana najua kusoma, nikachukuliwa kufagia katika kiwanda cha kupiga chapa, na kutoka ufagio nikapanda kuwa mpanga herufi, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Nikarudi kwetu, nikajenga, na kabla ukuta haujakauka vizuri ikaja Operesheni Vijiji, nikahamishwa tena, na sasa niko hapa Kitahana, mjane wa kiume, katika nyumba ya vyumba viwili.

Nilitaka kazi moja tu ya kuzeekea: duka dogo la kupiga chapa kwa kuagizwa, kadi za harusi, risiti za duka la kijiji, tiketi za ngoma. Watu wa huku hupeleka kazi hizo Kigoma mjini na kungoja mpaka bibi harusi anajifungua ndipo kadi zinafika. Mzee Gharibu, mfanyabiashara wa Kasulu mwenye ndugu zake Tanga, alinitafutia mashine ndogo iliyokwisha kutumika, ya kukanyaga kwa mguu, nami nikauza ng'ombe wangu. Tulipoanza mazungumzo, sanduku la herufi za risasi lilikuwa bei ya mbuzi watatu. Lilipofika lilikuwa bei ya ng'ombe, kwa kuwa mpaka wa Kenya umefungwa na vitu vya Nairobi havipiti. Wino ukapanda, rola zikapanda, karatasi ikawa ya kutafutwa kama dawa, na kila nikimwandikia Gharibu ananijibu, "Mzee mwenzangu, hiyo ilikuwa bei ya jana."

Kikabaki kitu kimoja, bamba la chuma, ambalo juu yake mpanga herufi huzilaza herufi zake ndani ya fremu na kuzikaza kwa kabari, na ni lazima liwe bapa kabisa, kwani likipinda hata kidogo, herufi moja itatoboa karatasi na jirani yake haitaigusa. Bei yake ilikuwa imefikia bei niliyonunulia mashine yenyewe. Nikakumbuka mahame yaliyo upande wa Kumsenga, nyumba zilizoachwa wakati wa Operesheni, nikasukuma baiskeli hadi huko nikitumaini kupata kipande cha chuma. Sikupata chuma. Kwenye baraza la nyumba isiyo na paa nilikuta jiwe pana la kusagia, na katikati yake limelazwa lile jiwe dogo la mkononi, kama mtu aliyeitwa nje mara moja na atarudi. Nililigeuza lile kubwa, na upande wa chini ulikuwa umechongwa bapa, nikaweka rula ya chuma juu yake na sikuona mwanga ukipita. Nikalifunga kwenye baiskeli. Lile dogo nikaliacha chini, halikuwa na kazi kwangu. Niliuliza, nikaambiwa nyumba ilikuwa ya Leonidasi na mkewe Rosa, waliochukuliwa na lori kupelekwa kijiji cha upande wa Kasulu, lakini nilijiambia kwamba kitu kilichoachwa barazani miaka yote hii ni kitu kilichotupwa.

Nililipindua mezani liwe badala ya bamba, na kadi za kwanza zilitoka safi, mshauri, safi kama za Tanga. Mteja wangu wa kwanza ni kijana Sylvesta, anayeoa baada ya mavuno, na siku aliyokuja kuzitazama nilikuwa nimekaa nje kivulini napanga kabari kwenye kikapu.

"Shikamoo mzee. Mbona umetuficha?"

"Nimeficha nini?"

"Umeoa! Na mimi hujanialika, wakati mimi nakuagiza kadi."

"Nimeoa nani, wewe?"

"Huyo anayesaga ndani. Mwambie apunguze, mzee, harufu ya ulezi inafika barabarani na mimi sijala."

Akacheka, na kicheko chake kilipoisha nikaisikia sauti, krwee, krwee, jiwe juu ya jiwe, polepole, kama mtu mwenye magunia mengi mbele yake. Nikafungua mlango. Kimya. Mashine, herufi, na jiwe mezani limelala kifudifudi kama nilivyoliacha. Tangu siku hiyo nikiwa ndani sisikii kitu, nikitoka nasikia, wapita njia nao wanasikia, tena mchana kweupe. Nilijieleza kwa akili zangu zote: lile bonde la kusagia liko chini, limefunika meza, huenda linakusanya upepo na kulia kama mtungi. Maelezo hayo yalinitosha kwa siku chache. Kisha nikaanza kuona vumbi la rangi ya majivu juu ya karatasi nilizoanika wino ukauke, na mimi, mshauri, nala muhogo, unga wa ulezi haujaingia nyumbani humu tangu mke wangu afariki.

Wiki iliyopita alikuja jirani yangu Winifrida, mama wa makamo, kuchukua risiti za kikundi chao cha akina mama. Alisimama mlangoni, akavua ndala, akaniita kwa mkono nitoke, na nilipotoka akakielekea chumba kitupu akasema, "Pole na kazi, mama." Akangoja. Kisha akanigeukia.

"Haitikii, baba. Anasaga kwa hasira."

Akaziacha risiti akaenda zake. Sasa wateja husimama barabarani na kuniita kwa mbali. Nikilirudisha jiwe, kazi imekufa, maana bamba siwezi kulinunua na ng'ombe wamekwisha. Nikibaki nalo, nitabaki nalo peke yangu. Nimechoka kuhama, mshauri. Sitaki kuhamishwa tena, safari hii na jiwe. Nimekuwekea kadi moja ya Sylvesta uone kazi yangu. Niambie nifanye nini.

Mpanga Herufi,
Kitahana, Kibondo

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Shikamoo hiyo nimeitanguliza makusudi, kwa sababu baada yake nitakukaripia.

Kadi yako ni nzuri. Nimeipeleka chini kwa wapiga chapa wetu, wakaipitisha mkono kwa mkono, na mmoja akauliza kama bado unatafuta kazi. Kwa hiyo sina shaka na mikono yako. Nina shaka na neno moja uliloandika: "kilichotupwa".

Anayenisaidia kufungua barua ni Veronica, mwenyeji wa Munanila, huko huko mkoani kwenu. Nilimsomea yako yote, kelele, vumbi, Winifrida na ndala zake. Nilitegemea aniulize kama ni jini. Hakuuliza. Alisema tu, "Na mtoto wake alimwacha wapi?" Mimi ni mtu wa mjini, ilibidi nielezwe: kwao jiwe kubwa la kusagia ni mama, lile la mkononi ni mtoto, na hata maadui wakivamia nyumba hawatenganishi wawili hao. Wewe uliyezaliwa huko unalijua hilo kuliko mimi. Ulipima ubapa wa jiwe kwa rula mpaka ukaridhika, lakini mtoto ukamweka chini kwenye mahame kwa sababu hana kazi kwako.

Maelezo yako ya upepo ni mazuri, na laiti yangeeleza na ule unga. Sitabishana na wewe kuhusu nani anasaga. Nitakuuliza juu ya walio hai. Rosa alipandishwa lori. Umewahi kuona dereva wa lori akikubali kupakia jiwe la kusagia? Hakulitupa, mzee wangu. Alikatazwa kulibeba, na akamlaza mtoto juu ya mama ili mtu yeyote atakayepita ajue kwamba lina mwenyewe. Tena jambo hili nisingekuwa na haja ya kukueleza, maana umenieleza wewe, kwa sentensi moja, kisha ukakimbilia Tanga: mama yako alisaga kwa jiwe la kuazima hadi alipofariki. Ulikula unga huo. Sasa kuna mwanamke upande wa Kasulu anayeazima jiwe, na jiwe lake limebeba kadi za harusi nyumbani kwako.

Basi fanya hivi. Leo usipige chapa. Ondoa jiwe mezani, ligeuze lilale kama lilivyokuwa likilala, lioshe wino. Kesho nenda Kumsenga ukamchukue mtoto, na Winifrida akikubali kukusindikiza, mwombe. Ndiye pekee aliyekuwa na adabu ya kusalimu. Mwandikie Gharibu kwamba umechoka na bei za jana na bei za leo, unachotaka kwake safari hii ni nafasi ndani ya gari lake, wewe na mawe mawili. Mtafute Rosa. Akilitaka jiwe lake, mwachie na usimame hapo mpaka aliweke anapopataka. Akikuazima, shukuru, lakini mtoto na mama wakae chumba kimoja. Ukikuta amefariki, binti zake ndio watakaoamua, si wewe.

Na kazi yako haifi. Kadi na risiti ni vitu vidogo. Herufi zake unaweza kuzikaza juu ya kitanda cha mashine yenyewe, pale fremu inapokaa. Utakwenda polepole, utaumia mgongo, utapokea kazi nusu ya ulizotarajia. Wapiga chapa wetu wanasema mpanga herufi wa zamani anajua hilo tangu alipokuwa na ufagio. Kwa hiyo hukulihitaji jiwe, mzee wangu. Ulikuwa na haraka. Bamba utalinunua bei zikishuka, au hutalinunua, na Sylvesta ataoa vilevile.

La mwisho. Nilipoichomoa kadi kwenye bahasha, unga ulinimwagikia kiganjani, kama kijiko kimoja. Barua yako imekaa njiani karibu mwezi. Veronica aliunusa, akauonja, akasema ni ulezi, na umesagwa leo. Sikumwuliza anajuaje. Nimeufunga katika karatasi safi na nimekutumia kwa posta, na juu yake nimeandika agizo hili, kwani utaupata kabla ya gazeti. Usiufungue, usiutupe. Ukifika kwa Rosa, mpe huo kwanza, ndipo umwambie wewe ni nani.

Mshauri wako