Mpira Uliotuangukia Katikati

Somanda, Bariadi
Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka, Baba. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako huko Nassa, na kwamba goti halikusumbui sana msimu huu wa kupalilia. Sisi hapa tu wazima. Minza anaongea kutwa nzima, na mama yake anakusalimu.

Najua umeshangaa kuletewa barua yangu na kaka Jilala, tena akiwa na mdomo uliovimba na waya kwenye meno. Hakupigwa na mtu. Nimemwomba asikueleze lolote mpaka umalize kusoma.

Unakumbuka kwamba mimi na Jilala tuliacha kusalimiana tangu nilipompa binti yangu Minza jina la marehemu Mama, miaka mitatu iliyopita. Jilala, kama mkubwa, alikuwa amelitunza jina hilo kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe. Pamoja na hayo, kila Jumamosi jioni sote wawili tunacheza mpira wa wavu katika timu ya watu wazima wa hapa Somanda. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake uwanja.

Nahodha wetu ni Wilhelmina, muuguzi mwenyeji wa Bukoba. Sheria yake ni moja: anayeufuata mpira apaze sauti, "Wangu." Mimi na Jilala tuliwapazia sauti wengine wote, lakini mpira ukija kati yetu tulinyamaza, na mara nyingi ulianguka chini tukiutazama. Wilhelmina alilalamika kwamba timu zote za mkoa zinalijua lile pengo.

Wiki mbili zilizopita tulicheza na timu ya Lamadi. Seti ya mwisho, tumebakiza pointi mbili tushinde, wakaupiga palepale katikati. Safari hii kila mmoja wetu aliutaka. Tuliufuata kwa kasi, kimya, macho juu. Nilisikia kishindo tu. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa chini, nyusi imepasuka, damu inaingia jichoni, na Jilala amepiga magoti mbele yangu ameshika mdomo. Jino lake la mbele ndilo lililonichana. Akaniuliza, "Ngassa, unaniona?" Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu kwa miaka mitatu. Nikamjibu kwamba namwona, kwa jicho moja.

Wilhelmina alitufunga vitambaa, akatupakia kwenye bajaji moja, akatuambia tukirudi bila kusemeshana atatufukuza wote. Hospitali nilishonwa nyuzi sita. Jilala alishonwa nne mdomoni, na jino lililolegea likafungwa waya. Tukakaa benchi moja kusubiri dawa. Mdomo wake ulikuwa umekufa ganzi, hawezi hata kutamka jina lake. Nikaona nafasi kama hiyo ya kusema bila kujibiwa sitaipata tena. Nikamwambia neno ambalo sasa nakuambia na wewe.

Baba, Mama hakuniachia jina lake. Niliposema kwamba siku zake za mwisho aliniagiza nimpe binti yangu, nilidanganya. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua, mke wa Jilala hakuwa na dalili, nikalitamani jina. Ulipomkanya Jilala mbele ya ukoo kwamba anapinga kauli ya marehemu, nilikuwa nimekaa pembeni yako, nikanyamaza. Alikemewa kwa uongo wangu. Nisamehe.

Jilala alinisikiliza mpaka mwisho. Akageukia ukuta kwa muda mrefu, nikadhani ndiyo basi. Kisha akanishika mkono, akaanza kucheka, akaacha kwa sababu nyuzi zinauma, akaanza tena. Nami nikacheka hadi bandeji ikalowa na muuguzi wa zamu akaja kutugombeza. Kesho yake alikuja kwangu kunywa uji, maana ndicho chakula alichoruhusiwa. Alimpakata Minza kwa mara ya kwanza, akamwita "mayu", kama tulivyokuwa tukimwita Mama.

Ana furaha yake pia: mkewe, Rahel, anatarajia mtoto baada ya mavuno. Akiwa wa kike ataitwa Minza vilevile. Tumekubaliana.

Sasa, Baba, mgeukie Jilala. Umwambie kwa mdomo wako kwamba hakukosea. Amesafiri kutoka Bariadi kwa ajili ya neno hilo, ingawa mwenyewe atasema ameleta barua tu.

Wasalimie majirani wote na shangazi. Mungu akutunze.

Ni mimi mwanao,
Ngassa