Majina Juu ya Tarumbeta Yako

Papa yangu,

Wameitoa albamu yako. Nimeisikiliza mara moja tu, na kinyaa kilichonishika hakijaniachia mpaka leo.

Unakumbuka siku ulipoacha okestra ya rumba? Ulirudi hapa Majengo na tarumbeta yako imefungwa ndani ya blanketi, Mama akadhani umefukuzwa. Kumbe mfanyabiashara mmoja alikuwa amepanda jukwaani kutaka libanga, jina lake liitwe katikati ya wimbo kama wanavyoitwa wote wanaolipa, na mkuu wa okestra akakuambia ukate solo yako ili jina lipate nafasi. "Tarumbeta yangu haiko kibao ya duka," ulituambia mlangoni, ukaomba chai.

Baada ya hapo ulianza kutafuta, na nadhani hata wewe hukujua unatafuta nini. Ukamleta Papa Kizito na kinanda chake cha umeme, ukaleta mpiga gitaa wa Munigi aliyependa makelele, na mzee mmoja wa ngoma. Mlifanya mazoezi sebuleni kwetu, majirani wakinuna. Rumba ilikuwa imeondoka na jazi ilikuwa haijafika. Ilikuwa kama mboga ya sombe iliyotiwa kila kilichobaki jikoni. Mama alikuuliza, "Hii muziki batu watacheza na muguu gani?" Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Halafu ile tamasha ya ukumbi wa parokia, ambayo mliirekodi kwenye kaseti, wewe ukabaki na moja na Papa Kizito na kopi yake. Mvua ilishuka kwa hasira na watu walikuja wachache. Katikati ya kipande kimoja uliondoa tarumbeta mdomoni, ukanyamaza, na wenzako wakanyamaza nawe. Hakukusikika kitu ila mvua juu ya mabati na Mama akikohoa mstari wa mbele. Nilidhani umesahau. Kisha ukarudi na noti moja ndogo, ya chini kabisa, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. Njiani kurudi nilikuuliza kwa nini ulinyamaza. "Nilikuwa nasikiliza," ulisema, na Mama akakushika mkono.

Sasa sikia alichofanya Papa Kizito. Kwenye hiyo albamu, ile mvua ameifuta. Pale uliponyamaza ameweka mwanaume anayepiga kelele za majina: bosi fulani wa Birere, mwenye depo fulani ya bia, honorabule fulani wa bungeni ambaye hata salamu yako hakuwahi kuijibu, mke wake, watoto wake, na mbwa wao naye angelipiwa angeitwa! Wengine kawaweka juu ya ile noti ndogo. Papa, juu ya ile noti! Jina lako halimo. Sasa inapigwa kwenye mabaa mpaka Mugunga, watu wanainua chupa, na mimi nikipita nataka kutapika.

Mama, ambaye siku hizi macho yamemkataa, alikuwa amelala pembeni nilipoifungua kwenye simu. Aliinua kichwa kwa wasiwasi. "Ni banani balikufa?" Alidhani ni redio, yale matangazo ya vifo. Nilizima, nikatukana maneno ambayo si wewe uliyenifundisha.

Jumapili huyo bwana Kizito akaja, manukato yake yakimtangulia. Anatengeneza volume ya pili, na upande wa pili wa kopi yake umeharibika, kwa hiyo anataka kaseti yako, ambayo sasa ndiyo pekee iliyo nzima. Alikaa kwenye kiti chako bila kuuliza.

"Mutoto yangu, papa yako alikuwa anatafuta njia. Miye namumalizia."

Namumalizia! Nikamwambia ameshakumaliza tayari. Hakusikia, au alijifanya kiziwi.

"Na wewe nitakutupia libanga. Bure kabisa."

Aliniangalia kama mtu aliyeniletea nyama ya Noeli. Papa, nilitaka kumwagia chai. Lakini Mama alisema kutoka kitandani, "Weka kwanza ile kaseti, nisikie." Niliogopa. Mama amechoka, na Kizito ni mtu aliyesaidia kulibeba jeneza lako. Nikajua Mama akisema ichukuliwe, itachukuliwa.

Nikaiweka kwenye ile redio yako ya zamani. Ukapiga, vizuri kama ulivyokuwa ukipiga. Kisha ukanyamaza, na mvua ikaingia nyumbani. Papa Kizito akaona hapo ndipo pa kusema. Akafungua mdomo kutueleza kwamba mahali kama hapa, patupu, mutu mukubwa anaweza kuingia vizuri.

"Nyamaza, Kizito," Mama alisema. "Bwana yangu iko anasikiliza."

Akaweka kikombe chini. Noti yako ndogo ikaja yenyewe, haikukanyagwa na mtu. Kizito alitoka bila kaseti, chai yake nusu kikombeni, na kikombe hicho nimekiosha mara mbili.

Sikiliza tu, Papa. Huku tunakulindia kimya chako.

Binti yako, wa mstari wa mbele